Ukiifungua, Itakimbia

Mbuke alinishika kidevu kama mtoto anayenyweshwa dawa. "Sema tena," akaniambia.

"Nilitapeliwa. Nimekwenda polisi. Zaidi ya hapo..."

"Umeshaanza kulia, Tereza. Anza upya."

Tulikuwa jikoni kwangu, Jumamosi, saa saba mchana. Upande wa pili wa uzio, kwenye mji wa shemeji yangu Magesa, nilisikia viti vikiburutwa. Kikao cha ukoo kilikuwa changu, cha kunijadili mimi. Kilikuwa kinapangwa bila mimi, kama harusi inavyopangwa bila bibi harusi.

"Dada, nitaweza kweli?" nikamuuliza.

"Mimi sikuweza," Mbuke akasema. Huyu ni mama wa makamo anayeuza mitumba sokoni Masumbwe. Mwaka juzi mtu alijifanya mnunuzi, akapakia magunia yake yote ya mpunga kwenye lori na hakuonekana tena. "Mimi kila aliyeniuliza nilimweleza. Naeleza mpaka jasho. Kadiri ninavyoeleza, ndivyo wanavyopata cha kucheka. Mwisho nikampiga mwenzangu kwa sandali, pale pale sokoni. Unajua kilichotokea? Watu walimsahau mwizi wa mpunga, wakanikumbuka mimi na sandali yangu. Mpaka leo wananiita Mama Sandali."

Nilicheka, na machozi yakatoka humo humo.

"Sasa sikiliza. Mtu akikuuliza, 'Ulikuwaje mjinga hivyo?' hilo si swali. Usilijibu. Mtu akikuuliza, 'Tufanye nini?' huyo mjibu vizuri. Wengine wote wape maneno matatu yale yale. Wakikuudhi, sema Salamu Maria moja moyoni, mpaka mwisho, ndipo ufungue mdomo. Na usimtupie mwingine lawama, hata kama anastahili."

"Hata kama anastahili?"

"Hapo hasa."

Akanitazama. Akanifunga kilemba upya, akanisukuma mlangoni.

*

Kabla sijavuka uzio niliingia chumbani, nikachukua leso yangu sandukuni, na kilichofungwa ndani yake, nikaificha ndani ya kanga. Hapo lazima niseme habari ya Frank, ingawa hata kuliandika jina lake mkono unakuwa mzito.

Alikuja wakati wa mavuno ya mpunga. Alisema anasimamia duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, huko Nyarugusu na amekuja huku kwetu kutafuta miti ya kuegemeza shimo lisiporomoke. Jumapili aliingia kanisani kigangoni kwetu, akakaa benchi la mwisho, akaimba bezi. Mimi nilikuwa benchi la mbele kama ilivyo desturi ya mwenyekiti wa jumuiya, na sauti ile ilinifikia mgongoni kama mkono wa mtu. Miaka minne tangu nimzike Wiliam wangu, sikuwa nimegeuka kanisani. Siku ile niligeuka. Naye alikuwa ananitazama, tena hakuona haya kutazamwa.

"Mama, samahani," aliniambia nje baada ya ibada, "kwenye wimbo wa mwisho ulikuwa unakosea maneno ya ubeti wa pili."

"Mimi?"

"Wewe. Nilikuwa nakusikia wewe tu."

Nani alikuwa ameniambia neno kama hilo tangu nizaliwe? Wiliam alikuwa mume mwema, lakini maneno yake yalikuwa ya ng'ombe na mvua.

Frank aliomba leso. Hakuomba chakula wala kitu kingine, leso tu, niliyoidarizi kwa mkono wangu. Nikamtengenezea nyeupe, pembeni nimetia F na T kwa uzi mwekundu, na tawi dogo la maua kati yao. Aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu mbele yangu. Baada ya hapo alimtuma mshenga, na majina yetu yakasomwa kanisani kutangaza ndoa Jumapili mbili mfululizo.

Kati ya Jumapili hizo mbili alinieleza kwamba duara limejaa maji, pampu inatakiwa, na wenzake wanataka kumtoa. Nikampa maksai wanne wa kulimia alioniachia Wiliam. Akaniachia rehani: kifurushi kizito, kimefungwa ndani ya leso ile ile, kimeshonwa kwa uzi mweusi.

"Hii ndiyo dhahabu yetu ya kuanzia maisha," alisema. Kabla ya kuifunga alinipa punje moja niiume kwa jino. Niliuma. Ilikuwa dhahabu kweli. "Lakini usifungue mpaka nirudi, Tereza. Dhahabu ikiangaliwa kabla ya siku yake inakimbia. Ukiifungua, itakimbia."

Wachimbaji wote wanaamini hivyo, na sisi tunaokaa karibu nao tumeyazoea maneno hayo. Sasa mimi, mwenyekiti wa jumuiya, ninayewafundisha wenzangu wasiogope bundi, nilikaa siku sita na kifurushi chini ya picha ya Familia Takatifu bila kukigusa. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu siku ya pili.

Jumatatu nilikata uzi.

Zilikuwa shaba za koki za maji, zimekatwa vipande. Kimoja bado kilikuwa na hesi zake za kukazia bomba. Watu watadhani nililia maksai. Hapana. Nililia leso. Ile leso isingemgharimu kitu. Angeweza kwenda nayo popote alikokwenda, nami ningepata la kujidanganyia, kwamba hata mwizi alikumbuka. Amenirudishia.

Nikaoga, nikavaa, nikaenda kituo cha polisi Masumbwe, nikapewa RB, namba ya taarifa yangu kwenye kitabu chao. Kisha nikaenda kwa Mbuke.

*

Magesa alikuwa amekaa katikati, kwenye kiti chenye mikono. Ndiye kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Kulia kwake alikaa Mzee Maganga, mkubwa wa ukoo, na fimbo yake magotini. Kushoto alikaa Gregory, katekista wetu. Wifi yangu Mageni alikuwa ametoka Didia asubuhi ile, na pembeni ya miguu yake palikuwa na begi tupu. Nililiona begi lile kabla sijawaona watu. Vumilia, mke wa Magesa, alikuwa anapitisha sinia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Binti yangu Hosiana, wa kidato cha tatu, alisimama mlangoni kwa Vumilia akiwa amekunja mikono kifuani.

"Shikamoo, baba," nikamsalimia Mzee Maganga.

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Kaa."

Nikakaa mkekani. Mbuke akakaa nyuma yangu.

"Mama Hosiana," Magesa akaanza, "hatukukuita kukuhukumu."

"Nashukuru, shemeji."

"Lakini hebu tuambie. Mwanamke mzima, umezaa, umezika, unaongoza jumuiya. Unatapeliwaje kama mtoto wa chekechea?"

Moto ulinipanda masikioni. Salamu Maria, umejaa neema. Nikaisema mpaka mwisho, taratibu. Wakadhani nimekosa jibu.

"Nilitapeliwa," nikasema. "Nimekwenda polisi. Zaidi ya hapo sina la kuongeza."

"Hana la kuongeza!" Mageni akapiga kofi paja lake. "Wifi, sisi tunalo. Maksai wa kaka yangu wameliwa na sauti ya bezi. Angeimba ubeti mmoja zaidi angeondoka na bati za nyumba!"

Watu wakacheka. Hata Mzee Maganga alifunika mdomo kwa kiganja. Nilihisi kidole cha Mbuke mgongoni, kama mtu anayegonga mlango polepole.

"Wifi, naelewa una uchungu na mali ya kaka yako," nikasema. "Hata mimi ninao. Nilitapeliwa, na nimekwenda polisi."

"Maneno gani haya, kaseti?"

"Dada Mageni," Gregory akaingilia, akikunja karatasi mkononi, "tusisahau na upande wa kanisa. Jina limesomwa mara mbili mbele ya waamini. Kesho ni mara ya tatu. Kigango kimechafuka. Mama Mwenyekiti alipaswa kuwa makini."

Hapo nilikaribia kuvunja sheria ya Mbuke. Kwa maana ni Gregory aliyepaswa kudai barua ya paroko wa Frank kabla ya kusoma jina lolote, na ni Gregory aliyeambiwa, "Barua iko njiani," akasoma. Frank alikuwa amempa kofia mpya. Alikuwa ameivaa pale pale. Neno lilikuwa kwenye ulimi wangu, limeiva kabisa. Nikaitazama ile kofia. Naye akaniona naitazama. Salamu Maria ya pili ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kusali.

"Ni kweli majina yalisomwa," nikasema. "Naumia kwa hilo."

Basi. Gregory alivua kofia, akaiweka chini ya kiti.

Magesa akakohoa. "Ukoo umeona hivi. Hosiana aende Didia kwa shangazi yake. Nyumba inayoingiliwa na matapeli si ya kulelea binti. Leo leo, begi hilo hapo. Na hiyo RB, Mama Hosiana, ukaifute."

"Niifute?"

"Mtu akisikia anatafutwa na polisi atarudije? Atakimbia moja kwa moja. Mpe nafasi. Wachimbaji huwa wanachelewa, mambo ya shimo yale."

Nilimtazama vizuri. Dakika ile ile ananiita mtoto wa chekechea, dakika ile ile ananiambia Frank atarudi. Mguu wake ulikuwa unasugua ardhi. Na macho yake, kila alipotamka neno polisi, yalikwenda kwenye dirisha la chumba chake cha kulala na kurudi.

"Mama, mimi siendi," Hosiana akasema kutoka mlangoni.

"Wewe nyamaza, wakubwa wanaongea!" Mageni akamkemea.

"Shangazi, nina mtihani."

"Na mama yako alikuwa na akili. Iko wapi?"

Unaweza kunisema mimi mpaka jua lizame. Lakini kunisema mbele ya mwanangu, huku begi tupu linamsubiri! Nikaona sandali yangu, iko karibu kabisa na mkono wangu wa kulia. Mbuke nadhani aliiona pia, maana aliivuta taratibu ikaingia chini ya kanga yake.

"Baba," nikamgeukia Mzee Maganga, "naomba kuulizwa swali moja. Swali la tufanye nini."

Mzee akapangusa midomo. Hakuwa anacheka tena. "Haya, mayu. Nakuuliza. Mtu huyu ameacha kitu gani tunachoweza kuwapelekea polisi?"

Hilo lilikuwa swali. Nikaitoa leso kwenye kanga, nikaikunjua mkekani, na vipande vya shaba vikalia vikigongana. Herufi mbili nyekundu zilikuwa juu, kila mtu akaziona. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikaendelea kwa sauti ile ile.

"Aliacha hiki. Kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi. Aliniambia ni dhahabu, nisifungue. Alisema ikiangaliwa kabla ya siku yake itakimbia."

"Na mwenyekiti wa jumuiya akaamini!" Mageni akaanza kucheka tena.

Lakini sinia la michembe lilikuwa limeanguka.

Vumilia alisimama kama mtu aliyeitwa na sauti ya mbali. "Sema tena, Mama Hosiana. Uzi gani?"

"Mweusi."

"Na maneno yake?"

"Ukiifungua, itakimbia."

Vumilia hakuokota michembe. Alimpita mumewe, akaingia ndani.

"Mama Limi!" Magesa akaita, akinyanyuka nusu. "Mama Limi, unatafuta nini huko?"

Alitoka na kifurushi kinene kuliko changu. Kilikuwa kimefungwa ndani ya kipande cha kitenge cha zambarau chenye maua ya njano, kimeshonwa kwa uzi mweusi, mishono ile ile mifupi mifupi.

"Kitenge changu cha Pasaka," Vumilia akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Nilikikuta kimekatwa pindo. Ukaniambia ni panya, Baba Limi. Nikatega mitego nyumba nzima."

"Weka chini."

"Nikamlaumu paka."

"Nimesema weka chini, usiifungue! Itakimbia!"

Magesa alipiga kelele kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, na mikono yake yote miwili ilikuwa imenyooshwa kama anayedaka mtoto anayeanguka. Hakuwa anaigiza. Mpaka dakika ile, huku vipande vyangu vya shaba viko mkekani mbele ya miguu yake, alikuwa bado anaamini kwamba yeye alipewa dhahabu ya kweli.

Vumilia alikata uzi kwa meno.

Shaba zikamwagika. Kipande kimoja kilijiviringisha mpaka kwenye fimbo ya Mzee Maganga, kikasimama.

Mzee akauliza polepole, "Magesa. Wale ng'ombe sita wa ukoo. Ulisema wamepelekwa malishoni."

Magesa alikaa. Kiti chenye mikono kilionekana kikubwa kwake.

"Kaka!" Mageni alishika kichwa. "Na wewe? Mwanaume mzima? Ng'ombe sita? Jitu limekuimbia na wewe bezi?"

Kicheko kikaanza, kile kile kilichokuwa changu, kikahamia kwake kama nyuki wanavyohama. Mtu akasema afadhali mjane alikuwa na mapenzi, huyu alikuwa na nini? Magesa alifumba ngumi. Nikaona mshipa wa shingo yake. Nikajua kinachokuja: atapiga mtu, au atampiga Vumilia, na kuanzia kesho watu watamsahau mwizi wataikumbuka ngumi.

Nami nilikuwa na haki ya kucheka kuliko wote. Alikuwa tayari kuninyang'anya mwanangu ili siri yake isifukuliwe. Kama kuna usaliti ulionichoma siku ile baada ya ule wa Frank, ni huo. Nikamtazama, nikajiandaa kumpa neno lake. Lakini uso ule niliutambua. Niliuona Jumatatu, kwenye kioo kidogo cha Wiliam kilichoning'inia ukutani.

"Shemeji," nikasema. "Vuta pumzi."

Akanitazama kwa macho mekundu.

"Usimjibu mtu yeyote. Usieleze. Sema hivi: Nilitapeliwa."

"Mama Hosiana, niache..."

"Nilitapeliwa. Sema. Hayo tu."

"Nili... nilitapeliwa," akasema. Na baada ya kulisema, ngumi ikafunguka yenyewe.

"Jumatatu nitakwenda polisi," nikamsaidia. "Pamoja na Mama Hosiana, na vifurushi vyote viwili."

"Jumatatu nitakwenda," akarudia, kama mtoto wa mafundisho ya komunyo.

"Wifi," nikamgeukia Mageni, "aliyeiba hayupo kwenye mkeka huu. Tukimalizana sisi kwa sisi, yeye yuko huko anashona kifurushi kingine."

Nyuma yangu nilisikia Mbuke akipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

Mzee Maganga alinyanyua fimbo, akalisukuma lile begi tupu mpaka likalala. "Hosiana atabaki kwa mama yake. Kama mtu akitapeliwa ananyang'anywa watoto, basi leo ningeondoka na watoto wa nyumba zote mbili, na mimi ni mzee, sina wa kuwapikia. Mambo ya ng'ombe sita nitaongea na Magesa peke yangu. Limekwisha."

"Wabeja, baba," nikamshukuru. Ndipo machozi yakanitoka. Nikayaacha yatoke.

Watu walipoanza kuondoka, Gregory alinisogelea, kofia ameishika mgongoni.

"Mama Mwenyekiti. Kesho... kesho nisome nini?"

"Soma kwamba tangazo limeondolewa."

"Wakiuliza kwa nini?"

"Waambie waniulize mimi. Nitakuwa benchi la mbele."

Aliinamisha kichwa. "Ile barua yake," akanong'ona, "haikufika kamwe. Nilijua."

"Najua ulijua," nikasema, nikamshika Hosiana mkono, tukavuka uzio.

*

Jua lilikuwa bado liko juu. Nilikaa kizingitini na sindano, nikaanza kufumua ile F, uzi mmoja mmoja. Hosiana alikaa karibu nami, bega lake limegusa langu.

"Mama, ulimpenda?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema alinirushia dawa ya mapenzi, kama majirani walivyokuwa wanapendelea kuamini. "Nilimpenda," nikasema.

"Na sasa?"

Sindano ilikuwa imenasa kwenye mguu wa herufi. Mahali fulani barabarani kijana mwenye baiskeli alipita akiimba kwa sauti nzito, na mwili wangu, huu mwili mpumbavu, ukageuka kabla sijauzuia. Hosiana aliona. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu mpaka baiskeli ikapita.

Nikavuta uzi wa mwisho. F ilikuwa imetoka yote, lakini matundu ya sindano yalibaki kwenye kitambaa, yamejipanga vile vile, ukikiinua juani unaisoma.

"Ukiifua yataziba," Hosiana akasema.

"Yataziba."

"Sasa utaifanyia nini?"

Nikaikunja leso mara nne, T ikabaki juu. "Jumatatu naipeleka polisi pamoja na zile shaba," nikamwambia. "Wakishaiandika, nitaiomba. Ni yangu. Mimi ndiye niliyeidarizi."